Oili Iliyofunga Gereji ya Fundi Polepole

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa

Kaka yangu mpendwa,

Kuna sauti moja imekaa nami miaka mitano: sauti ya spana ikiwekwa chini. Haikutupwa. Ingetupwa ningekwisha kuisahau, maana vilivyotupwa kwa hasira katika nyumba hii ni vingi na sauti zake zimechanganyika. Fundi Polepole aliilaza spana yake sakafuni kwa uangalifu, ikalia mara moja tu juu ya saruji, akafuta mikono, akatoka getini kwetu na hajarudi mpaka leo. Nawe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Najua barua haianzi hivi. Mama alitufundisha salamu kwanza, shida baadaye. Basi pokea salamu. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Bado unafanya kazi zamu mbili, au umepata ile nafasi uliyosema? Sisi hatujambo, kama unataka jibu la barua. Kama unataka jibu la kweli, Mama analalamika mgongo, nami sauti imenikauka kwa kufundisha fizikia madarasa manne yaliyojaa. Baba, tangu kiharusi kile, anatoka kitandani hadi mlangoni kwa kushika ukuta. Mkono wake wa kushoto umeanza kukubali kijiko. Mguu bado unamgomea.

Mtaalamu wa viungo hospitalini ametuambia Baba afanye mazoezi kila Jumanne na Ijumaa bila kukosa, la sivyo mguu utasahau kazi yake moja kwa moja. Hospitali iko mbali, na Baba hawezi kupanda gari la abiria hata akisukumwa na watu watatu. Hapo ndipo tulipolikumbuka pikapu. Limekaa uani tangu lilipoacha kupeleka mikate, na wewe unajua kwa nini liliacha: mwenye kiwanda cha mikate alichoka na madoa meusi mbele ya mlango wake. Chini yake saruji imekuwa nyeusi kama sufuria ya miaka.

Nilikwenda kwa mafundi watatu. Wa kwanza aliuliza, "Si lile la Polepole?" akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakukipata. Wa pili alisema yuko safarini, na alikuwa amelala chini ya lori wakati anasema hivyo. Wa tatu alikuwa mkweli. "Dada, gari hilo lilimla fundi mzima," akaniambia. "Mimi nina watoto."

Kwa hiyo nililishika mwenyewe. Nilikuwa na kitabu cha gari hilohilo, kilichochakaa, na Jumamosi zangu. Baba alitolewa kiti mlangoni, akawa mkaguzi.

"Mwalimu," ananiita hivyo akitaka kunichokoza, "hilo halifanyi mtihani. Weka kalamu chini."

"Nikikosea si utaniambia, Baba."

"Nikuambie mara ngapi? Umeishika spana kama mwiko."

Jumamosi ya kwanza sikufungua kitu. Nilitandika boksi la jokofu chini ya injini, nikaliacha hadi kesho yake. Asubuhi lilikuwa na madoa ya namna tatu. La mbele lilikuwa la kijani na harufu tamu: maji ya rejeta. La pembeni, karibu na gurudumu la kushoto, lilikuwa jepesi na la manjano: mafuta ya breki, na hilo lilinitisha kweli. La tatu lilikuwa oili, nyeusi, pana, limechukua nusu ya boksi.

Maji nilimalizana nayo kwa dakika kumi, maana kibano cha mpira wa juu wa rejeta kilikuwa kimelegea. Breki zilinila Jumamosi nzima. Raba ndani ya silinda ya gurudumu zilikuwa zimekauka kama ngozi ya kisigino. Nilipomaliza nilimfanya Mama akanyage pedali mara hamsini huku mimi nikitoa hewa, naye akihesabu kwa sauti ya mtu anayehesabu dhambi za mwanawe.

Oili ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe. Ilikuwa inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, na kila mtu akiona hapo husema sili ya nyuma, ile raba ya kuzuia oili, imekufa. Fundi Polepole alikwisha kuibadilisha mara mbili. Unakumbuka kazi ile? Kila mara aliteremsha giaboksi yote, peke yake, kwa kamba na matairi. Gari lilikaa kavu siku nne, tano, likaanza tena. Lakini oili haisemi ilikotoka, Kaka. Huteremka, feni huipeperusha nyuma, na mahali unapoiona ndipo ilipochoka kukimbia. Ukitaka kujua ilikoanzia, sharti uisafishe injini yote kwanza.

Niliisugua kwa mafuta ya taa na brashi siku mbili, mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Ikakauka. Kisha nikainyunyizia poda kila mahali, nyeupe pepepe, ili penye unyevu pajitangaze penyewe. Mama alitoka jikoni akasimama.

"Poda ya mtoto kwenye injini," akasema. "Na mtoto mwenyewe hujatuletea."

Baba alicheka hadi kikohozi kikamshika. Nakuandikia hili ujue kwamba bado tunacheka hapa.

Niliwasha injini, nikaiacha ingurume dakika kumi, nikaingia chini na tochi na kioo kidogo cha mkononi. Nilitegemea mstari mmoja mweusi. Poda ilikuwa imelowa kwenye kifuniko cha juu, ubavuni, mbele penye puli, chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na nyuma. Kila mshono ulikuwa unatoka jasho. Nilijikalia kwenye saruji na kwa mara ya kwanza nikataka kulia, kwa sababu sasa sikuwa na tatizo moja, nilikuwa na matano.

Kisha nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi. Gasketi na sili tano, vizuizi vya mishono, za umri tofauti, moja kati yake imebadilishwa mara mbili, zinakubalianaje kufa siku moja? Hazikubaliani. Kuna kitu kinazisukuma kutoka ndani. Injini yoyote, hata nzima, huvujisha hewa ya moto kidogo kupita pistoni zake hadi tumboni, na hewa hiyo hutoka kupitia mpira mmoja wa kupumulia unaotoka kwenye kifuniko cha juu. Ukiuziba mpira huo, hewa itatafuta njia, na haitatoka peke yake. Itatoka na oili. Nilifungua mfuniko wa kujazia oili wakati injini inanguruma. Uliniruka mkononi. Nikaacha tundu wazi, nikafunika kitambaa tu, nikafuta mishono yote, nikapaka poda upya. Dakika kumi. Poda ilibaki kavu.

Baba alikuwa ameacha mzaha. "Pumzi," akasema polepole kutoka kitini. "Limekabwa pumzi."

Mpira wenyewe, kwa nje, ulikuwa mzima, umefungwa vibano pande zote mbili, safi. Niliuchomoa nikaupuliza kwa mdomo. Haukupitisha kitu. Nikauchana kwa kisu. Kwenye kona, ndani kabisa, ambako kidole hakifiki, palikuwa na kipande cha mti kilichoviringishiwa ukanda wa ndala ya bluu. Nikaukunjua ukanda. Kichwa cha mviringo, shingo nyembamba, kitako kipana.

Sataranji uliyotuchongea ina askari mweupe mmoja ambaye ni kifuniko cha soda. Tumecheza na kifuniko hicho kwa sababu ulisema askari amepotea chini ya kabati. Nililisogeza kabati lile mara mbili, Kaka, kumtafuta. Alikuwa ndani ya gari.

"Umepata nini?" Baba akauliza.

"Uchafu tu, Baba," nikasema, nikafumba mkono. Kwa hiyo ujue kwamba nami nimemdanganya, wiki nzima, na sijiweki upande wa watakatifu.

Sasa nataka tuikumbuke siku ile pamoja, kwa kuwa nadhani kila mmoja wetu amebaki na kipande chake. Ilikuwa mara ya tatu oili kurudi. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya boneti. Aliushika mpira ule wa pumzi, nilimwona kwa macho yangu, akautikisa, akauona umefungwa vizuri. Ndipo akageuka akauliza, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, "Kuna mtu mwingine ameigusa injini hii zaidi yangu?" Baba alikutazama wewe, maana siku hizo ni wewe pekee uliyekuwa ukiliendesha. Ukasema, "Hakuna." Ukanywa chai.

Kama hakuna, basi fundi ndiye mwongo. Ndivyo Baba alivyoelewa, na mtu yeyote angeelewa hivyo. Geti lilikuwa wazi. Kinyozi alikuwa pale, na mshonaji nguo, na mama muuza mkaa aliyekuja kuacha gunia. Mbele yao Baba akamwambia rafiki yake wa miaka thelathini kwamba amemlipisha sili mpya akamwekea ya zamani, na kwamba mtu wa namna hiyo jina lake ni mwizi. Neno lenyewe alilitamka mara mbili. Fundi akalaza spana.

Hukukaa kuona yaliyofuata. Ulisafiri mwezi uliofuata na sote tulikusindikiza. Magari yalipungua kwenye gereji yake. Mwanzoni watu walisema wanangoja mwisho wa mwezi, baadaye hawakusema kitu. Kabla ya mwaka kwisha alishusha kibao chake mwenyewe. Sasa yuko njia panda na pampu ya miguu, anajaza upepo matairi ya baiskeli. Mtu aliyeweza kusikiliza injini barabarani akakuambia silinda ipi inaumwa, Kaka, anajaza upepo baiskeli.

Na mimi? Mimi niliacha kumsalimu. Miaka mitano nimekuwa nikivuka barabara kabla ya njia panda ile, na vitabu vyangu kifuani, kwa sababu Baba yangu alisema ni mwizi na mimi niliona ni uaminifu kuamini. Nina shahada inayonifundisha kutokubali jibu bila ushahidi. Sikuwahi kuitumia hata siku moja kwa ajili ya mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Nilikupigia simu Jumapili iliyopita. Nilitaka usiwe wewe. Nilitaka uniambie mtu aliiba askari yule, mtoto wa jirani, yeyote. Ulicheka kidogo. "Ah, ile," ukasema. "Moshi ulikuwa unaingia ndani ya gari. Unamkumbuka yule binti niliyekuwa nampakia? Alikuwa anakohoa." Nikakuuliza kama ulijua kizibo kile kilifanya nini. Ukasema ulianza kuhisi baadaye, ukiwa huko. Nikauliza lini. Ukasema, mwaka wa kwanza.

Kukosa kujua ningekusamehe kabla ya kukata simu. Ulikuwa kijana, ulitaka kumfurahisha msichana, hukujua injini inapumua. Kosa la kizibo ni dogo, ni la kuchekesha. Lakini ulikuwa unajua kwa miaka minne, na kila sikukuu ukipiga simu Baba anakuuliza, "Huko mafundi wao ni waaminifu?" nawe unamjibu, "Afadhali, Baba."

Kisha ukaniomba. "Usimwambie mzee. Unajua hali yake. Ngoja nije mwisho wa mwaka, nitalizungumza mwenyewe, kistaarabu." Sikukujibu, ukadhani nimekubali. Mwisho wa mwaka wako nimeusikia mara nne. Na ilinijia, nikiwa nimeshika simu iliyokwisha kukatwa, kwamba hukuuliza hata mara moja Fundi anaendeleaje.

Gari limepona, kama unataka kujua. Nimeweka mpira mpya wa kupumulia, nikabadilisha gasketi ya kifuniko cha juu iliyokuwa ngumu kama mbao, na mishono mingine yote imenyamaza bila kuguswa. Boksi safi nililotandika limekaa siku nane bila tone. Baba amekwisha kwenda mazoezi mara mbili. Huko njiani ananisahihisha gia kila baada ya kona, na nilipopita shimo la kwanza aliniambia ameendesha gari hili miaka kumi na minane bila kulijulisha kwamba barabara ina mashimo.

Mama anakusalimu sana. Anauliza kama koti alilokushonea bado linakutosha. Shangazi anakusalimu, na mapacha wake ambao sasa wananizidi urefu. Baba hakutuma salamu safari hii. Nilimuuliza, akasema nisimharakishe. Mungu akulinde katika kazi na katika njia, akupe usingizi mzuri. Ninamaanisha, ingawa nimeandika ukurasa mzima wa maneno makali kabla yake.

Limebaki jambo moja, na ni la jana.

Jana asubuhi nilimwekea Baba askari yule mezani, kando ya kikombe chake, nikamweleza alikokuwa na uliyoniambia. Moyo wake haukusimama kama ulivyoogopa. Alimgeuzageuza kwa mkono mzima, muda mrefu. Alisema tu, "Nilimtazama usoni akaniambia hakuna." Halafu akaomba shati lake la kola na akasema nimpeleke njia panda.

Nilifikiri sana kama jambo hili lingesemwa faraghani, tukamwita Fundi nyumbani, tukampa kiti. Lakini neno lililosemwa getini, mbele ya watu, halifutwi chumbani. Nilisimamisha gari karibu na pampu yake, nikaenda kumtoa kinyozi kwenye kibanda chake, na mshonaji kwenye cherehani, na mama muuza mkaa. Kinyozi alikuja na mteja aliyenyolewa nusu. Baba hakuweza kushuka. Nilimfungulia mlango, akakaa miguu imeelekea nje. Nikasema yote mbele yao. Nilisema Fundi aliweka sili mpya mara zote mbili. Nilisema ni nani aliyeziba mpira, nikataja jina lako kamili, hadi la babu. Nilisema uliulizwa ukajibu hakuna. Na nilisema kwamba mimi nilikuwa navuka barabara.

Baba akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuita kwa jina lisilo lako." Ulimi wake bado mzito, ilibidi arudie ndipo akasikika.

Fundi alikuwa na baiskeli ya mtu mkononi na hakuacha kupampu. Alimaliza tairi la mbele. Akabonyeza kwa kidole gumba. "Nimesikia," akasema. "Lakini miaka mitano ni mingi, ndugu yangu. Siwezi kuimeza leo kwa mkupuo." Hakusogea garini. Baba aliitikia kwa kichwa, na nadhani hakuwa ametegemea zaidi ya hapo. Watu walisimama kidogo, kisha yule mteja akamkumbusha kinyozi kichwa chake, wakatawanyika. Kufikia jioni kila mtu mtaani alikuwa anajua, na wewe unawajua watu wa mtaa wetu. Safari hii nimewashukuru.

Nilipokuwa napanda kwenye gari Fundi aliniita. Aliniuliza jambo moja tu, bila ukali.

"Na yeye mwenyewe?"

Nilimwandikia namba yako ya simu kwenye kipande cha boksi, tarakimu kubwa, kwa kuwa macho yake si ya zamani. Amesema atakupigia siku atakayokuwa tayari. Sikumwomba angoje mwisho wa mwaka. Ikiita namba usiyoijua kutoka nyumbani, usiiache ilie. Pokea, na umjibu kila atakachokuuliza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo ambapo kupenda kwenyewe ni kazi,

Bi Maswali